Kuhesabu Mikono

Kazi yangu ni ndogo: kuhesabu mikono.
Mimi ni karani wa Valdura,
watu mia na kumi na wawili,
ng'ombe pungufu ya mwaka jana,
vitanda vya wageni mia tisa na kimoja,
ukikitia hesabuni kile cha Mengia
alichokibana darini, penye nyasi kavu za zamani.

Usiku wa Novemba ukumbi unanuka sufu mbichi na jibini.
Ajenda ni moja: hoteli inaomba chemchemi.
Si yote, anasema bwana Caflisch wa hoteli,
theluthi tu, na kwa miezi mitatu tu.
Lichimbwe bwawa kule juu Plaun,
mizinga iyapulize maji usiku,
yawe theluji pale mbingu itakaposahau.

Itakaposahau, alisema. Hakusema ikisahau.
Niliandika kama alivyotamka.

Braida wa duka akasimama na koti lake:
shule ina watoto saba,
wanne kati yao baba zao wanaendesha lifti.
Ing'oeni lifti, mng'oe na madawati.
Akaketi. Hakuna aliyemjibu,
maana hapakuwa na la kujibu.

Duri, mlinzi wa msitu, alisomea daftari lililolowa.
Plaun ndiko majogoo wa msituni wanakochezea Aprili,
mikia imetanuliwa, koo zikigota kama vizibo vya chupa.
Walikuwa kumi na tisa.
Msimu huu wanne, na mmoja wao
hushuka alfajiri hadi njia ya watelezaji
kulitunishia kifua trekta la theluji,
akidhani limemjia kumnyang'anya majike.
Ukumbi ukaangua kicheko.
Duri akafunga daftari, akalifuta kwa mkono wa shati.

Basi, wanaokubali.
Mikono ya vijana, mikono yenye mafuta ya mashine,
mkono wa mwanangu Flurina, wa mapokezi,
kucha nyekundu, umenyooka, haunitazami.
Thelathini na minane.

Wanaokataa.
Mkono wa Gion, uliopungua vidole viwili kwa msumeno,
nikauhesabu mzima.
Mkono wa mwalimu, ambaye shule ikifungwa hana kazi.
Huo niliurudia mara mbili, sikuuamini.
Thelathini na minane.

Mkono wa Mengia ulikuwa umekwama sikioni.
Juu au chini, mama? akauliza mwenyekiti.
Kwanza niambieni, bomba langu litaganda tena?
Hilo halimo kwenye ajenda.
Basi na mimi simo, akasema,
akaanza kujikuna shingo kwa mkono uleule.

Hapo ndipo nyuso zote zikanigeukia.
Karani naye ni mtu wa kijiji.
Nilikuwa nimeshika kalamu, nikaitazama
kama kitu nilichoazima na mwenyewe kaja kukidai.

Nikaomba dakika moja, nikatoka.
Uwanjani lile hori la jiwe lilikuwa linapokea maji
gizani, bila shahidi, kama kila siku.
Baba yangu alilichonga mwaka niliozaliwa.
Utotoni nilitumwa hapa na ndoo ya zinki,
na ili nisiogope giza nilihesabu kwa sauti:
kumi na nane, ndoo imejaa.
Kila jioni, kiangazi au barafu, kumi na nane.

Ndoo ya zinki bado inaning'inia kwenye msumari wake.
Nikaikinga. Nikahesabu,
taratibu, kwa mwendo wa mtoto yule,
maana kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Juu mlimani taa za hoteli ziliwaka ghorofa kwa ghorofa.
Dirisha moja huwa la Flurina, zamu ya usiku;
mshahara wake ndio uliopaua nyumba yetu.

Thelathini na moja. Ndoo ikafurika viatuni.

Nikaitundika mahali pake.
Nikajifuta mikono, yote miwili,
nikarudi ndani. Walikuwa bado wananingoja.